Shujaa Aulizwe Nini?

Kwa masimulizi ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara, babu yao Mbega alizaliwa na hatia. Meno yake ya juu yalitangulia ya chini, na katika milima ya Nguu ya zama hizo mtoto wa aina hiyo aliitwa kigego, mleta nuksi, wa kuondolewa kabla hajakua. Wazazi wake walikuwa watu wenye nguvu, wakamlinda. Baadaye jamaa zake walimkatalia urithi. Akaondoka na mbwa wake, mikuki yake na dawa zake za kuwindia. Alipofika Kilindi alifanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa pale. Kijana yule akafia mawindoni, na Mbega akakimbia kwa mara ya pili. Akavuka mto ambao leo tunauita Pangani, akaingia kwenye misitu ya Usambara, akapiga kambi. Wenyeji wakaona moshi.

Ukiifuata safari hiyo kwenye ramani ya sasa, inaanzia katika iliyokuwa Handeni, kwa kuwa Kilindi ilimegwa na kuwa wilaya mwaka 2002 tu. Inashuka kwenye bonde la mto upitao Korogwe, halafu inapanda hadi Vugha, huko juu ya Mombo. Ni mwendo ambao basi dogo linaumaliza kwa siku moja, lakini ndani yake mmejaa ufalme mzima.

Walioona moshi walikuwa na shida yao. Nguruwe mwitu walikuwa wakiwamalizia mashamba. Mkulima wa Handeni, au wa vijiji vya pembezoni mwa Korogwe, hahitaji kuelezwa shida hiyo: mahindi huhangaikiwa msimu mzima na yakamalizwa usiku mmoja, na mtu anaweza kulala juu ya dungu wiki nzima akipiga debe na bado asubuhi akakuta mabua yamelala chini. Mbega aliwaua wale nguruwe. Akawapa wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Wakamletea magomvi yao, akayaamua vizuri. Sifa zake zikatembea kilima kwa kilima, mpaka wazee wa Vugha wakamfuata. Akaua simba, akaitwa Simba Mwene, na uzao wake ukatawala Usambara kwa vizazi vingi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Kisa hiki, basi, kina nusu mbili: nusu ya meno na nusu ya nyama. Katika nusu ya kwanza tunaambiwa Mbega alitoka wapi, alionewa na nani, alipoteza nini. Katika ya pili tunaambiwa alifanya nini. Nina swali moja tu juu yake, na nadhani linawahusu wote wanaoandika hadithi leo na wote wanaozisoma: je, nusu ya pili inaihitaji ya kwanza? Angekuwa ni mwindaji tu, mtoto wa kawaida, meno yake yameota kama ya watu wengine, amepita zake msituni akasikia watu wanalia na nguruwe, je, nyama ile ingekuwa na ladha pungufu?

Siku hizi jibu linalotolewa haraka ni kwamba ndiyo, inaihitaji. Kijana anayepeleka mswada wa filamu au riwaya huulizwa: mhusika wako mkuu kwa nini anawasaidia watu? Kilimpata nini utotoni? Nani wake aliuawa? Akijibu kwamba hakuna kilichompata, ameona mtu anahitaji msaada akamsaidia, huambiwa mhusika wake hana mashiko. Darasani nako, mwanafunzi wa kidato cha tano anafundishwa kuwatenga wahusika bapa na wahusika duara, na bila kuambiwa moja kwa moja anaondoka akiamini kwamba mhusika mwema ni bapa mpaka apatiwe jeraha. Mwovu tumezoea kumtafutia sababu. Sasa mwema naye hapokelewi bila cheti cha msiba.

Mtindo huu una nguvu sana katika hadithi za picha na filamu za Marekani, ambazo vijana wetu wanazijua kuliko wanavyomjua Mbega. Mfano wake mkubwa ni Batman: mtoto aliyeona wazazi wake wakiuawa, akaapa kupambana na uhalifu maisha yake yote. Watu wengi huamini kwamba huo ndio mwanzo wake. Lakini Batman alitokea kwa mara ya kwanza katika toleo la Mei 1939, akikamata wahalifu bila kumweleza mtu yeyote kwa nini, na kisa cha wazazi wake kilichapishwa Novemba mwaka huohuo. Kwa miezi kadhaa wasomaji walimfuata mtu ambaye hawakujua kilichomsukuma, wakatoa senti zao kwa hiari. Kazi ilitangulia, sababu ikashonewa baadaye. Nashuku kwamba ndivyo ilivyo kwa mashujaa wengi kuliko tunavyokiri.

Fasihi yetu ya Kiswahili haikuanza na kiu hii. Muhammed Said Abdulla alipomtoa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, alitupa mtu mwenye kiko, mtulivu, mwenye masikio makubwa kuliko mdomo, anayeingia kwenye mambo ya watu wengine na kuyafumbua. Hatuambiwi kwamba aliwahi kuonewa na hakimu, wala kwamba ndugu yake aliuawa na muuaji hakupatikana. Anafumbua mafumbo kwa sababu yapo, na kwa sababu asiye na hatia asipofumbuliwa ataadhibiwa. Tunamjua Bwana Msa vizuri sana, lakini tunamjua kwa namna anavyovuta kiko chake huku mwenzake Najum akirukia majibu. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1974, Elvis Musiba akaleta Kufa na Kupona na mpelelezi wake Willy Gamba, mtumishi wa serikali aliyepambana na maadui wa ukombozi wa Afrika. Vijana wa wakati ule waliazimana vitabu vile mpaka majalada yakang'oka, na sijamsikia mmoja wao akilalamika kwamba hakuelezwa vya kutosha kuhusu utoto wa Willy. Afrika ilikuwa haijakombolewa yote. Hiyo ilitosha kuwa sababu.

Aliyelishughulikia swali hili kwa kina zaidi, ingawa hakulitaja kwa jina, alizaliwa katika mkoa huohuo wa Handeni na Korogwe. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga mjini, na katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, alimweka mtu mwema mbele ya mfalme ajieleze. Adili ni mtawala wa haki. Watu wake wanamsifu. Hakuna anayemwuliza kwa nini ni mwema. Anachoulizwa ni jambo moja: kwa nini kila usiku anawapiga nyani wawili kwa mjeledi? Hapo ndipo kisa cha nyuma kinapoanza kusimuliwa, na tunajua kwamba nyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtendea mabaya yasiyosemeka na wakageuzwa kuwa nyani kwa nguvu iliyo juu ya uwezo wake.

Tazama mpango huo ulivyo wa busara. Ukatili ndio unaodaiwa maelezo. Mjeledi ndio unaoitwa barazani. Haki na ukarimu wa Adili vinapita mlangoni bila kusimamishwa. Halafu Shaaban Robert anafanya jambo la pili ambalo linawakata maini wote wanaoamini kwamba utoto ndio unaofanya mtu. Adili, Hasidi na Mwivu ni watoto wa baba mmoja. Nyumba moja, malezi mamoja, urithi wa chungu kimoja. Kama historia ya nyuma ndiyo inayozaa wema, ilikuwaje ikazaa mmoja mwema na wawili wenye husuda? Kitabu hakijibu, na mimi sidhani kwamba mwandishi alisahau. Anatuonyesha kwamba pale tunapotarajia kukuta chanzo cha wema hakuna kitu, na kwamba kutokuwapo kwake hakumpunguzii Adili chochote.

Niwe mkweli kwa upande wa pili, maana una hoja. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi alitoa Rosa Mistika, na baada ya kitabu kile ilikuwa vigumu kuandika kana kwamba mtu hana jana. Rosa anaanguka, na tunaelewa kuanguka kwake kwa sababu tulikuwepo nyumbani kwa Zakaria, tuliona ukali wa baba na woga wa binti. Bila nyumba ile, Rosa angekuwa somo la maadili tu, binti aliyeharibika na kuonywa wengine. Kisa cha nyuma kilimpa ubinadamu. Wanaowatuhumu wahusika wa Shaaban Robert kwamba ni vinyago vilivyobandikwa majina ya sifa hawasemi uongo kabisa. Kuna kurasa ambapo Karama wa Kusadikika, kitabu chake kingine, anahutubia kuliko anavyopumua.

Lakini angalia mfano wenyewe. Kezilahabi anatumia jana kutueleza jinsi mtu alivyovunjika. Hapo maelezo ni tendo la huruma: tunaelezwa ili tusihukumu haraka. Tukikichukua chombo hichohicho na kukigeuzia kwa mtu mwema, tunafanya jambo tofauti kabisa. Tunamwendea mtu mwenye afya kama tabibu anavyomwendea mgonjwa, tukitafuta donda lililomsababishia hali hiyo. Tunakuwa tumekubali kimyakimya kwamba hali ya kawaida ya binadamu ni kutojali, na kwamba anayejali ana jambo lililomsibu.

Na hapo pana madhara ambayo hayaishii vitabuni. Shujaa ambaye wema wake ni malipo ya msiba anafanya wema kama deni. Anailipa maiti ya baba yake, anaifuta aibu yake, anatuliza dhamiri. Msomaji ambaye hakufiwa na baba kwa risasi, aliyekulia katika nyumba ya kawaida yenye ugali na kelele za kawaida, anafunga kitabu akiwa na ruhusa. Mimi halikunipata hilo. Kazi hiyo ni ya walioumizwa. Na yule aliyeumizwa kweli anafunga kitabu akiwa na mzigo, kwamba maumivu yake sharti yawe na faida kwa taifa. Wote wawili wamedanganywa. Tunawajua watu waliopigwa utotoni wakaja kupiga, na wengine waliopigwa wakaja kuwa wapole kuliko wote mtaani. Jeraha halitoi maagizo.

Barabara kuu kutoka Chalinze hadi Segera inapita upande wa mashariki wa Handeni, na magari ya abiria huharibikia humo kama kwingineko. Basi likikwama usiku kati ya Mkata na Kabuku, abiria wakashuka na watoto, haichukui muda kabla mtu hajatoka kwenye nyumba ya karibu. "Poleni na safari, wanangu," atasema bibi mwenye ndoo ya maji. "Ahsante, bibi, shikamoo." "Marahaba. Wapeni watoto kwanza." Handeni ni nchi ya ukame wa mara kwa mara, maji yake ya bomba kwa miaka mingi yamevutwa kutoka mtoni huko Korogwe kwa mradi unaojulikana na kila mtu kwa herufi zake, HTM, na yanapokatika, ndoo moja ina thamani. Hakuna abiria anayemwuliza bibi yule alipatwa na nini katika ujana wake hata awe mkarimu hivyo. Angeulizwa, angemtazama mwulizaji kwa wasiwasi. Tenda wema nenda zako, wanasema watu wazima, na methali hiyo haina sehemu ya kwanza inayoanza na kwa sababu.

Maandiko yanayosomwa katika misikiti na makanisa ya Korogwe yanakwenda njia hiyohiyo. Katika Sura ya Al-Kahf, Nabii Musa anafuatana na mja mwema ambaye mapokeo yanamwita Khidhri. Wanafika mji ambao watu wake wamewanyima chakula, na yule mja anakuta ukuta unataka kuanguka, anausimamisha. Musa anashangaa: si angedai ujira? Maelezo yanakuja baadaye, na yanahusu mayatima wawili wenye hazina chini ya ukuta. Hayamhusu mjenzi. Hatuambiwi lolote juu ya utoto wa Khidhri. Tunaambiwa juu ya wenye haja. Na katika Injili ya Luka, Msamaria anayesimama njiani kumwokoa mtu aliyepigwa na wanyang'anyi hana jina, hana kazi inayotajwa, hana jana. Anaona, anahurumia, anatoa mafuta na divai. Ukitaka kujua sababu ya wema wake unaelekezwa kumtazama aliyelala chini. Sababu iko kwa mwenye shida, na ndipo ilipokuwa siku zote.

Kama ni hivyo, kwa nini basi Mbega ana meno? Kama wema haudai kisa cha nyuma, kwa nini masimulizi makubwa kuliko yote ya nchi hii yanaanza na kigego, urithi na kukimbia?

Jibu nadhani liko katika jina la kitabu kilichoyahifadhi. Abdallah bin Hemedi al-Ajjemi, aliyekaa karibu na watawala wa uzao wa Mbega, aliandika kwa Kiswahili Habari za Wakilindi, ikachapwa kwa sehemu katika misheni ya Magila kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, na ikatolewa upya Nairobi mwaka 1962. Ni habari za Wakilindi. Ni kitabu cha ukoo uliotawala. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu ufalme wa Wasambaa, anakisoma kisa cha Mbega kama maelezo ya ufalme wenyewe: namna mtu wa porini, mla nyama, aliyekatwa na ukoo wake, anavyogeuka kuwa mtawala wa wakulima. Kwa maneno mengine, meno hayakuwekwa ili kueleza kwa nini Mbega aligawa nyama. Yamewekwa ili kueleza kwa nini mgeni asiye na shamba wala kaburi la babu Usambara alikalia kiti, na watoto wake baada yake.

Nyama haikuhitaji utetezi. Kiti kilihitaji.

Wenyeji nao walikuwa na kipimo chao, na hakikuwa cha asili ya mfalme. Feierman, katika utafiti wake mwingine, anaeleza kwamba Wasambaa waliwapima watawala kwa mambo mawili waliyoyataja kwa lugha yao: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiumiza. Mvua ikinyesha, chakula kikipatikana, ugomvi ukitulia, nchi inaponywa. Njaa na vita vikiingia, nchi inaumizwa. Ikulu ilisimulia meno. Vijijini walihesabu magunia.

Kilichofuata kilithibitisha ni nani aliyekuwa na kipimo sahihi. Baada ya mfalme Kimweri ye Nyumbai kufariki katika miaka ya 1860, wazao wa Mbega waligombana wenyewe kwa wenyewe. Semboja, mwanawe, alikaa Mazinde, chini ya milima, katika Korogwe ya leo, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki zilipatikana. Vita vilileta mateka, na mateka wakauzwa pwani. Waliouza na waliouzwa wote walikijua kisa cha kigego. Kila mmoja wa watawala hao angeweza kukisimulia kwa ufasaha, kwamba babu yetu alionewa, alinyimwa urithi, alikuja na mikuki yake akaokoa nchi. Kisa kilirithiwa kikamilifu. Wema haukufuatana nacho.

Kuna kisa cha Wazigua, wenyeji wa Handeni, kinachonifanya niongeze neno hapa, ili nisionekane kuidharau historia. Katika karne ya 19, njaa na hila za wafanyabiashara ziliwafanya watu wengi wa Uzigua kuuzwa utumwani Somalia. Wazao wao waliishi kando ya mto Juba, wakiitunza lugha ya Kizigua, na masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanankhucha, aliyewaongoza kutoroka mabwana zao na kuelekea kusini, nyumbani. Hawakufika. Baada ya vita vya Somalia vya mwaka 1991, baadhi yao wakaja Tanzania kama wakimbizi, wakapokelewa Handeni, na baadaye wakapewa makazi Chogo, wilayani humohumo, na serikali ikawafungulia njia ya uraia. Kwao kisa cha nyuma kilikuwa na kazi kubwa. Kwamba tulitoka hapa, tulichukuliwa kwa nguvu, lugha yetu ni yenu: hayo ni madai ya haki, na yalistahili kusikilizwa neno kwa neno. Anayedai ardhi, uraia au fidia, au anayedai kiti, hana budi kuleta historia yake.

Lakini tazama upande wa pili wa tukio hilohilo. Mwenyeji wa Handeni aliyewapa maji na mbegu za mahindi watu walioshuka wakiwa hawana kitu, yeye alihitaji historia gani? Mkimbizi alidaiwa ushahidi wa asili yake na ofisi. Jirani yake hakudaiwa ushahidi wowote wa kwa nini alimpokea.

Hapa ndipo nilipofika baada ya kuzunguka na Mbega, Adili na Bwana Msa. Kisa cha nyuma ni hati ya madai. Kinamfaa anayeomba: anayeomba haki, anayeomba msamaha, anayeomba kutawala. Anayetoa haombi, na kwa hiyo hana hati ya kuonyesha. Tunapomlazimisha shujaa mwema aonyeshe hati, mara nyingi ni kwa sababu mwandishi ana nia nyingine naye. Anataka kumpa mamlaka. Anataka tumruhusu apige, aue, avunje sheria, aamue peke yake nani mbaya, na anajua hatutaruhusu hayo bila kutulizwa kwanza. Ndiyo maana Batman, anayepiga watu usiku bila kibali cha mahakama, alihitaji wazazi waliouawa, ilhali Bwana Msa, ambaye silaha yake ni kiko na subira, hakuhitaji kitu. Kadiri shujaa anavyotumia nguvu, ndivyo jana yake inavyorefushwa. Ukikutana na kisa kirefu cha utoto wenye machozi, tafuta katika kurasa zinazofuata ni mjeledi gani unaandaliwa.

Jambo hili linatuhusu hata nje ya vitabu, na wananchi wa Handeni na Korogwe wanalishuhudia kila baada ya miaka mitano. Jukwaani mgombea anaanza na shule aliyokwenda peku, kibatari, mama aliyeuza maandazi. Yote yanaweza kuwa kweli, na yanagusa. Lakini ni kisa cha mtu anayeomba kiti, na hakituelezi maji yatatoka lini. Yule anayetukwamua njiani hatuhadithii habari za kibatari. Ana haraka ya kurudi kulala.

Kwa mwandishi kijana anayeandika leo huko Korogwe, Handeni au popote, neno langu ni fupi. Usimtafutie mtu mwema ugonjwa. Ukitaka awe duara, mpe mazoea, mpe woga, mpe mzaha mbaya, mpe jirani asiyempenda, mpe siku aliyochoka akaacha kusaidia. Mambo hayo humjaza mtu kuliko makaburi matatu ya utotoni. Mwache awaue nguruwe ukurasa wa kwanza kwa sababu wako shambani, na uone kama msomaji hatamfuata. Ila siku utakapotaka kumkalisha kwenye kiti, au kumpa bunduki na ruhusa ya kuitumia, siku hiyo tufungulie faili lake lote, na usitusomee sehemu ya mateso peke yake.

Na wewe msomaji, katika riwaya na katika uchaguzi, linda swali lako lisipotee bure. Usilitumie kwa mtu anayekupa maji. Litunze kwa ajili ya anayetaka kukutawala, na akianza kukujibu kwa habari za utoto wake, mwulize tena alichokifanya mwaka jana.